Barua ya wazi kwa wakuu wa chuo: turudishieni karatasi zetu tukiwa bado darasani

Kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma), wakuu wa idara na wahadhiri wetu. Nakala kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, shahada ya ualimu wa sayansi, masomo yangu ya kufundishia Kemia na Baiolojia. Chuo sikitaji na jina langu siliweki, kwa sababu ambayo naamini mnaielewa: karatasi zangu bado ziko mezani kwenu.

Kila Jumamosi jioni, nguo zikishaanikwa, hukaa kwenye kimbweta cha nyuma ya hosteli na kaunta buku langu. Desturi hii niliianza wiki ya pili ya mwaka wa kwanza, baada ya dada mmoja wa mwaka wa tatu kuniambia kwamba chuo hakimfelishi mtu siku ya mtihani, kinamfelisha kidogokidogo kila wiki na mwenyewe hana habari. Nikanunua kaunta buku, nikachora mistari. Masomo matano, kila somo na mstari wake, na safu tatu. Ya kwanza: nilichoelewa wiki hii. Ya pili: nilipokwama. Ya tatu nikaiandika "nani kaniambia", yaani ni nani amenithibitishia kwamba hicho ninachodhani nimekielewa ndicho chenyewe.

Safu ya kwanza haijawahi kunishinda, maana mtu hujisifu kirahisi. Ya pili hujaa nikiwa mkweli. Hiyo ya tatu ndiyo imenifanya niwaandikie.

Hadi wiki iliyopita nilikuwa nimejaza wiki 53, yaani mistari 265. Nilikaa nikahesabu. Safu ya tatu ina maandishi kwenye mistari 58 tu, na kati ya hiyo, 41 ni ya maabara. Mingine yote ni patupu. Sijasema nilifeli masomo hayo, mengi nimefaulu. Ninachosema ni kwamba niliyafaulu au kuyafeli bila mtu kuniambia njiani ninakoelekea, na nilipoambiwa, njia ilikuwa imekwisha.

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili msidhani nimekuja kulalamika tu.

Muhula uliopita tulisoma kemia ya kaboni. Kuna mishale ile iliyopinda, inayoonyesha elektroni mbili zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Mshale huanzia penye elektroni, ukaishia penye upungufu. Mimi niliuchora kinyume. Nilianzia kwenye haidrojeni yenye chaji chanya nikaupeleka kwenye bondi, kwa sababu kwenye madesa, yaani notisi tulizorithi kwa waliotutangulia, imeandikwa kwamba chenye chaji chanya "kinashambulia", na anayeshambulia kwa akili yangu ndiye anayetembea. Kosa lenye mantiki yake, ukiliangalia. Wiki ya tatu niliandika kwenye kaunta buku: "Mishale nimeelewa." Nikapigia na mstari.

Testi ya kwanza ilikuwa wiki ya sita. Nikachora mishale yangu kwa kujiamini. Testi ya pili wiki ya kumi na mbili, hivyohivyo. Hakuna karatasi iliyorudi. Wiki ya kumi na nne, Jumanne usiku, tukipiga msuli, yaani tukijisomea, kijana mmoja tunayesoma naye akachungulia daftari langu, akacheka: "Dada, mbona mishale yako inarudi nyumbani?" Akanirekebisha. Ilimchukua kama dakika nne. Kosa la dakika nne nilikuwa nimelibeba wiki kumi na moja.

Mtasema, basi uliliona kabla ya mtihani. Ni kweli. Lakini mkono uliozoeshwa wiki kumi na moja hausahau kwa usiku mbili tatu, hasa saa inapogonga na msimamizi anatangaza zimebaki dakika kumi na tano. Nilitoka na 17 kati ya 40 za muhula, 21 kati ya 60 za mtihani. Jumla 38. Pasi ni 40. Sapu yangu, yaani mtihani wa marudio, ni Septemba. Kwetu ni Kagera, kwa hiyo nitapanda basi kwenda na kurudi kwa ajili ya mtihani mmoja, na siku za sapu nitakula kwa mfuko wa mama, si kwa bumu, yaani mkopo wa wanafunzi.

Hizo 17 za muhula nilizionaje? Zilibandikwa kwenye mfumo Jumapili usiku, inakaribia saa tano. Mtihani ulikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Hosteli nzima ilikuwa macho, simu mkononi, mtandao unazunguka. Mwenzangu wa chumbani alifungua akakuta 11. Asiyefikisha 16 haingii mtihani. Testi yake ya pili ilisomeka sifuri, na testi ile aliifanya, tulikaa safu moja. Asubuhi alishinda kwenye korido ya idara akitafuta mtu wa kumfungulia faili, sisi tuko ukumbini tunaandika. Karatasi yake ilipatikana baada ya wiki tatu, imechanganyika kwenye bahasha ya mkondo mwingine. Hakuna aliyekusudia kumdhuru, nalijua hilo. Ila kama alama zingebandikwa wiki ya kumi na tatu, angeuliza wiki ya kumi na tatu, bahasha ingefunguliwa, na angefanya mtihani pamoja na sisi.

Muhula huu tunasoma sehemu ya pili ya kemia hiyohiyo. Inajengwa juu ya mishale.

Sasa niwaeleze la maabara, kwa kuwa ni haki lielezwe. Mzee wetu wa maabara ana sheria moja: hupewi bureti, mrija wa kupimia kimiminika, kama ripoti ya wiki iliyopita haijasainiwa. Ripoti inakusanywa siku ya vitendo, inarudi kabla ya kipindi kinachofuata, ina wino mwekundu. Wiki ya kwanza ya titresheni, yaani kumimina kimiminika hadi rangi ibadilike, usomaji wangu ulikuwa 23.90, 24.60 na 25.30. Rangi ya waridi kwenye chupa yangu ilikuwa imeiva kama juisi ya rozela. Aliandika pembeni: "Unamimina kama unamwagilia mchicha. Tone la kwanza linalobakisha rangi, simama." Basi. Hakuandika insha. Wiki ya nne nilikuwa na 24.50, 24.50 na 24.60, na nilijua kwa nini. Ukisoma kaunta buku langu, mstari wa maabara ndio pekee ambao safu ya pili inapungua wiki hadi wiki: nilipokwama wiki ya tatu sikwami tena wiki ya tano. Masomo mengine nakwama palepale, nabadilisha maneno tu.

Yupo na mhadhiri wetu wa jenetiki. Yeye hana wasaidizi na darasa lake ni kubwa, kwa hiyo karatasi zenyewe huchelewa kama za wengine. Lakini kipindi kinachofuata baada ya testi husimama ubaoni dakika kumi na kuandika makosa matano aliyoyaona zaidi kwenye fungu la kwanza la karatasi alizozipitia. Hamtaji mtu. Mara ya mwisho namba tatu ilikuwa hii: wengi tulikokotoa kai-skwea, kipimo cha kulinganisha idadi iliyotarajiwa na iliyopatikana, kwa asilimia badala ya idadi halisi ya mimea. Namba tano: tulilazimisha uwiano wa 9:3:3:1, ule wa jeni mbili zinazorithiwa kila moja kivyake, hata pale jeni mbili zilipokuwa karibu kwenye kromosomu moja na hivyo kurithiwa pamoja. Nilijiona kwenye namba tatu. Aliyekaa jirani yangu alijiona kwenye zote tano, akafunika uso kwa daftari. Jumamosi hiyo nikaandika kwenye safu ya tatu: "Dk. wa jenetiki, dakika kumi."

Kwa hiyo inawezekana, na inawezekana hapahapa, kwa watu hawahawa na mishahara hiihii.

Kuna somo linaloniumiza kuliko mengine, nalo ni Upimaji na Tathmini. Sitaki kumsema vibaya mhadhiri; anafundisha vizuri na ni mcheshi. Tuko kama 480, wanaochelewa wanasimama madirishani. Wiki ya tatu alitufundisha tofauti ya tathmini endelezi na tathmini tamati, maneno aliyoyatenganisha Michael Scriven mwaka 1967. Akatupa na mfano wa Robert Stake: mpishi anapoonja supu jikoni, hiyo ni endelezi, wageni wanapoionja mezani, hiyo ni tamati. Ukumbi mzima ukacheka, kila mtu akaandika. Testi ya kwanza ilikuwa wiki ya tano, na swali la pili lilisema: eleza, kwa mifano, tofauti ya tathmini endelezi na tathmini tamati.

Leo ni wiki ya tisa. Sijui nilipata ngapi.

Supu yetu imeonjwa, waheshimiwa. Aliyeonja ameondoka na kijiko, hajasema kama chumvi imezidi au imepungua, na wageni wako njiani.

Tena jambo hili nchini kwetu si geni wala si la vitabu vya Ulaya. Somo hilohilo limetufundisha kwamba Azimio la Musoma la chama cha TANU la mwaka 1974 liliagiza mitihani ya mwisho isipewe uzito uliopitiliza, na kwamba maendeleo ya mwanafunzi darasani na kazi zake nyingine vipimwe mfululizo. Wazee wale walichoka na mtihani wa kuvizia. Kutoka hapo ndipo shule za sekondari zikaanza kuhesabu alama za maendeleo pamoja na mtihani wa taifa. Hizi 40 zetu za muhula ni wajukuu wa agizo lile. Lakini testi mbili ambazo majibu yake hayaonekani mpaka usiku wa kuamkia mtihani si upimaji wa mfululizo. Ni mitihani ya kuvizia mitatu badala ya mmoja.

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa mazoezi ya kufundisha, shule moja ya kata mkoani Singida. Nilipewa Kidato cha Pili, mikondo miwili, wanafunzi 74 na 71. Zoezi la kwanza nililitoa Jumanne, nikabeba madaftari 145 kwa baiskeli ya kuazima. Ijumaa bado nilikuwa nayo. Mwalimu wa taaluma, mama mmoja mtaratibu sana, alinisubiri karibu na kengele. "Mwalimu," akaniita, "madaftari ya watoto hayalali kwako siku tatu. Kesho watakosea vilevile, na wewe ndiye uliyewaruhusu." Niliyasahihisha usiku ule kwa taa ya sola, mengine vibaya vibaya, lakini Jumatatu yalirudi. Na kweli, kosa la kusawazisha milinganyo, lile la kubadilisha namba ndogo ya chini ya alama ya elementi badala ya namba ya mbele, lilipungua kwa zaidi ya nusu kwenye zoezi lililofuata. Nilirudi chuoni nikiwa na bashasha. Nikakuta testi zangu za muhula uliotangulia bado ziko kabatini.

Hapo nikajiuliza: ualimu tunaufundishwa na nani? Na yale ya ukumbini, au na namna tunavyotendewa?

Nimejaribu kukaa upande wenu nikapiga hesabu. Karatasi 480, kila moja dakika nane, ni saa 64. Mtu akisahihisha saa nane kwa siku bila kufundisha, bila kikao, bila kusimamia tafiti za mwaka wa tatu, ni siku nane za kazi. Testi mbili, siku kumi na sita. Na mhadhiri mmoja ana masomo mawili au matatu. Haiwezekani, naliona. Wasaidizi wa wahadhiri ni wachache, na wengine wako masomoni. Ndiyo maana barua hii nimeielekeza kwenu wakuu kwanza: anayepanga darasa la watu 480 bila kupanga nani atasahihisha ndiye mwenye jibu.

Lakini pia nisingependa idadi yetu iwe pazia. Somo la Taaluma za Maendeleo nalo lina watu wengi, likatatuliwa kwa kazi za vikundi. Kikundi chetu kina watu kumi na wawili. Walioandika ni watatu, mmoja alichapa, mmoja alilipia steshenari, waliobaki waliandika majina. Sote tulipata 12 kati ya 15. Kwenye kaunta buku langu mstari wa somo hilo, wiki ya saba, unasomeka: "Nilichoelewa: sijui. Nilipokwama: sijui." Kusahihisha kumekuwa rahisi, hilo silibishi.

Lipo na la lugha, ambalo hatulisemi kwa kuona aibu. Tunasoma kwa Kiingereza. Nikiwaza, nawaza kwa Kiswahili, halafu nahamisha. Mwaka wa kwanza insha yangu moja ilirudi, kati ya chache zilizowahi kurudi, ikiwa na 9 kati ya 20 na alama ya kuuliza moja pembeni. Alama hiyo ya kuuliza nimeitazama sana. Ilikuwa inauliza hoja au sentensi? Kama nilikosea hoja, nirudi maktaba. Kama nilikosea Kiingereza, nikatafute mtu wa kunifundisha kuandika. Ni safari mbili tofauti, na mimi sikujua nipande gari gani. Nadhani wengi wetu tunafeli Kiingereza tukidhani tumefeli somo, na wengine kinyume chake, na hatutajua hadi mtu aandike sentensi moja.

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alilinganisha wanafunzi waliopewa maoni peke yake, waliopewa alama peke yake, na waliopewa vyote viwili. Waliopiga hatua ni wale wa maoni peke yake. Wengine walitazama namba wakaishia hapo. Nimelileta hili kwa sababu najua kinachowachelewesha mara nyingi ni namba: zihakikiwe, ziingizwe kwenye mfumo, zisainiwe. Basi namba mnaweza kubaki nazo kwa muda. Tunachokitaka upesi ni makosa yetu.

Ninaomba, kwanza, mwongozo wa majibu ubandikwe siku inayofuata baada ya testi, au hata jioni ileile. Upo, maana mhadhiri anausahihishia. Ukibandikwa ukutani nitajisahihisha mwenyewe, na mshale wangu ungegeuka wiki ya sita. Dakika kumi za ubaoni kama za jenetiki ziwe utaratibu wa chuo, zisiwe hisani ya mtu mmoja. Karatasi za testi zirudishwe mikononi mwetu. Za mtihani wa mwisho naelewa mnazitunza kwa ajili ya mtahini wa nje, ila testi ya wiki ya tano inatunzwa kwa ajili ya nani? Na alama za muhula zionekane angalau wiki mbili kabla ya mtihani, ili aliyewekewa sifuri kimakosa apate siku za kazi za kuuliza, asiulize kwenye korido wenzake wakiandika.

Kwa Tume nina neno fupi. Mmetuwekea kwamba krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo somo la krediti 12 ni saa 120 za maisha yangu. Mnapokuja kukagua mnauliza idadi ya vitabu, vyoo, viti na shahada za uzamivu. Ulizeni pia: kati ya saa hizo 120, mwanafunzi huambiwa saa ya ngapi kwamba amepotea? Swali hilo halihitaji bajeti.

Baadhi ya wenzangu wamenionya kwamba barua hii itasomwa kama utovu wa nidhamu. Sidhani. Nawajua walimu wangu kwa majina na nawasalimia njiani. Baba yangu mdogo ni mwalimu, naye huwa anasema mwanafunzi anayeulizia daftari lake ni yule anayetaka kulifungua.

Leo ni Jumamosi, nguo ziko kambani, na mvua inanukia upande wa bonde. Nimejaza wiki ya tisa. Mstari wa maabara umekamilika, na jenetiki nayo. Kemia ya kaboni, safu ya tatu, nimeandika jina la yule kijana wa mishale, maana muhula huu namwonyesha kila kitu kabla sijakusanya. Upimaji na Tathmini pako wazi. Testi ya pili ni Alhamisi.

CR wetu, kiongozi wa darasa, amepima: karatasi 480 zinaingia kwenye maboksi mawili ya karatasi za A4. Tuko wanne tuliojitolea. Mkitupigia hata usiku, tunakuja kuzibeba.

Wenu katika masomo,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili